Na Kile Chakula Amekula Nani?

Tangu Jumatano ya Majivu kuna neno la mama ambalo limenikwama kama mwiba wa samaki kooni. Nilimpigia simu baada ya misa ya jioni, majivu yakiwa bado pajini, na baada ya shikamoo na habari za Muheza nikamweleza kwamba Kwaresima hii nimeazimia kuacha chakula cha mchana siku zote isipokuwa Jumapili. Akauliza, "Na kile chakula amekula nani?" Nikajibu kwamba hakuna aliyekula, kwa kuwa hakikupikwa. "Basi hujafunga, mwanangu. Umebana matumizi." Kisha akaulizia kuku wangu.

Juma hili barua ya uhamisho wa Baba Neema imetoka hatimaye na kamati ya harusi ya mdogo wangu imevunjika, lakini nikikunja nguo ninachokisikia ni hicho tu: umebana matumizi. Nimebishana naye kimoyomoyo. Bwana Yesu alipofunga siku 40 jangwani hakumgawia mtu sahani yake; alikuwa peke yake na njaa, na ni njaa hiyo mjaribu aliyoishika alipomtaka ayageuze mawe yawe mikate. Kwa hiyo kufunga kuna kazi ndani ya mfungaji mwenyewe, yaani kuuzoeza mwili kwamba si kila unachodai utapewa, na kumfanya anayesali asali kama mhitaji. Jambo hilo nimeliona: saa saba mchana, harufu ya vitunguu vya mama lishe aliye mkabala na ofisi yetu inapoingia dirishani, Baba Yetu yangu haiendi tena kwa mazoea, hasa ikifika kwenye mkate wetu wa kila siku.

Hata hivyo, mama ana mashahidi wazito. Katika Isaya 58 watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuwaona, nao wanajibiwa kwamba siku hiyo hiyo ya kufunga wanawalemea watumishi wao. Saumu anayoitaka Bwana ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula. Mchungaji wa Herma, maandishi ya Wakristo wa Roma ya karne ya 2, yanamwagiza mfungaji apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula, kisha kiasi hicho ampe mjane, yatima au mhitaji mwingine. Papa Leo Mkuu alihubiri hivyo hivyo katika karne ya 5.

Mama hajamsoma Herma wala Leo, na nilipowaza hivyo ndani ya daladala nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikumbuka lile kopo la maziwa ya unga nyuma ya mlango wa jikoni. Kila siku ya Kwaresima, kabla ya kuosha mchele, alichota konzi moja akaitia humo, nasi watoto tukauona ubwabwa wetu ukipungua mbele ya macho yetu. Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, kopo lilimiminwa kwa bibi mmoja mjane wa jumuiya yetu. Tuliuita mchele wa Yesu, na tuliuchukia kwa moyo wote. Sasa shilingi 2,000 za wali maharage zinaingia katika bahasha kila mchana, ingawa bado nashikilia kwamba mama amenionea kidogo.

Kinachonisumbua ni yeye mwenyewe. Sheria ya Kanisa inawadai saumu watu wa miaka 18 hadi 59, tena kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu, na wagonjwa hawamo. Mama ameuvuka umri huo zamani na ana presha, lakini binamu yangu anayeishi naye ananiambia kwamba Ijumaa alishinda na kikombe cha uji hadi jioni. Dawa zake aliagizwa azimeze baada ya kula. Nimeuliza anazimeza saa ngapi, na mpaka sasa hakuna aliyenijibu.