Maji Yalikuwa Baridi

Jumapili, usiku.

Daftari langu la kijani limefika mwisho leo. Imebaki nusu ya ukurasa, na juu yake nimeshaandika mistari miwili. Wa tatu bado haujanijia. Katika kuusubiri nikarudi nyuma kabisa, hadi ukurasa wa kwanza. Una maneno matatu tu, kwa mwandiko uliolegea kama wa mtu anayeandika amelala: "Maji yalikuwa baridi." Tarehe sikuweka. Lakini siku yenyewe naikumbuka vizuri sana.

Kipindi kile moyo wangu ulikuwa mzito na sikuwa na sababu ya kuitaja. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyenikosea. Ningekuwa na msiba ningejua pa kulilia. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, nakaa ukingoni mwa kitanda nikitazama viatu vyangu, na kuvivaa kunakuwa jambo la kulifikiria kwanza. Jumbe za watu zilirundikana kwenye simu. Ujumbe usiojibiwa una tabia hii: siku ya kwanza unadai jibu, siku ya tatu unadai jibu na maelezo, wiki ikipita unadai jibu, maelezo na kuomba radhi. Nikawa sifungui hata mmoja. Kazini nilifika, nikafanya yangu, nikarudi, nikajilaza. Pazia la chumba lilishinda limefungwa.

Na bado kila aliyenijulia hali nilimjibu "nashukuru." Sisi wasemaji wa Kiswahili neno hili tunalo mdomoni kabla hata swali halijaisha. Habari za asubuhi? Nashukuru. Umeamkaje? Namshukuru Mungu. Ni neno zuri na nalipenda, ila siku zile kwangu lilikuwa kifuniko cha sufuria. Nililifunika juu ili mtu asione kinachotokota ndani.

Dada hakudanganyika na kifuniko. Alinipigia simu Jumamosi moja, jua likiwa limeshapita utosini.

"Umefungua pazia leo?"

"Bado, dada."

"Inuka ulifungue. Halafu nenda kanywe maji, glasi moja. Usifanye kingine chochote. Sikati simu, nakusubiri."

Niliudhika kidogo. Nilitaka anipe pole, aniulize nina nini. Yeye ananiambia habari za pazia na maji. Lakini dada mkubwa akisema inuka, mwili unamtii kabla akili haijakubali. Nikaenda. Pete za pazia zikakwaruza kwenye fimbo yake, mwanga ukaingia kwa mkupuo, nikaona vumbi likielea hewani, chembe ndogo ndogo zinapanda na kushuka bila haraka. Nilisimama nikazitazama. Kisha nikanywa glasi nzima nikiwa wima, nikayasikia maji yakishuka kifuani hadi tumboni. Kwa siku nyingi sikuwa nimehisi kitu chochote sawasawa namna ile.

"Haya," dada akasema. "Kesho tena."

Hakuniambia nifurahi. Hilo peke yake lilinipunguzia mzigo, maana furaha nisingeiweza, lakini pazia niliweza.

Nikitazama nyuma naona nilikuwa nasubiri hamu. Nilidhani hamu hutangulia, ndipo mtu anainuka, anaoga, anampigia rafiki yake. Lakini moyo ukishainama, hamu haikufuati kitandani. Baadaye nilisoma juu ya mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, ambaye miaka ya 1970 alieleza mzunguko huu: mtu mwenye huzuni anaacha mambo yaliyokuwa yanampa raha, kwa kuyaacha raha inapungua zaidi, na raha ikipungua anaacha mengine. Tiba iliyokua kutoka kwenye mawazo hayo huanzia kwenye kutenda. Unapangiwa jambo dogo unaloliweza, unalifanya na huzuni yako ikiwa palepale, na moyo unafuata nyuma taratibu. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka dada, ambaye hajawahi kusomea mambo hayo hata siku moja.

Na pazia lenyewe lina kazi yake ya kweli. Ndani ya jicho kuna seli zinazopokea mwanga na kupeleka habari kwenye sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza saa ya mwili. Mwanga wa asubuhi huijulisha saa hiyo kwamba siku imeanza, na usiku ukifika usingizi unakuja kwa wakati wake. Mimi niliyekuwa nashinda gizani mchana, kisha naikodolea macho simu usiku wa manane, nilikuwa naivuruga saa yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Baada ya pazia na maji niliongeza kutembea dakika kumi. Nilijaribu pia kutandika kitanda kila asubuhi, hilo halikushika, nikaliacha liende. Kutembea kulishika kwa sababu nilikufunga kwenye jambo ambalo tayari nalifanya: nikimaliza kupiga mswaki navaa viatu. Sijadili na nafsi yangu kama nina nguvu au sina. Mswaki, viatu, mlango.

Wiki ya tatu nikaanguka. Siku nne mfululizo sikutoka, pazia likarudi kufungwa, na ile sauti ya ndani ikaanza: unaona, hata hili limekushinda. Kilichoniokoa ni jambo nililokuwa nimelisoma siku chache kabla. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwafuatilia watu 96 ambao kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku. Kwa wastani zilipita siku 66 kabla jambo hilo halijaanza kujiendesha lenyewe. Kuna waliochukua 18 tu, na wapo waliokadiriwa kuhitaji hadi 254. Kisha likaja la kunitia moyo: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Zangu zilikuwa nne, najua, lakini nilipoyakumbuka hayo nilielewa kwamba nilichokiona kama kushindwa kilikuwa siku nne ndani ya safari ndefu. Siku ya tano nikavaa viatu.

Shukrani ilinichukua muda mrefu zaidi, na hapa nataka kusema polepole, kwa sababu iliniumiza kabla ya kunisaidia.

Katika kipindi kile nilipothubutu kumwambia mtu kwamba sijisikii vizuri, mara nyingi niliambiwa: "Shukuru, kuna wenzako wana shida kuliko wewe." Wanaosema hivyo wana nia njema, sina shaka. Lakini nilikuwa narudi nyumbani na mizigo miwili, huzuni niliyokuwa nayo na sasa aibu ya kutokuwa na shukrani. Tena, mateso ya mtu mwingine yanawezaje kuwa faraja yangu? Shukrani inayosimama juu ya shingo ya mwenye shida kuliko mimi sikuitaka, na mpaka leo siitaki. Ukikaa na mtu aliyeinamiwa na moyo, tafadhali usimpe hesabu ya walio chini yake. Kaa naye tu. Muulize kama amekunywa maji.

Hata hivyo nilijaribu. Juma la kwanza niliandika kila usiku: familia, afya, uhai. Kesho yake tena: uhai, afya, familia. Yalikuwa maneno ya kweli ila makubwa mno, hayashikiki. Nilikuwa nayaandika kama mtu anayejaza fomu, moyo haukusogea hata kidogo.

Mambo yalibadilika nilipojifunza kuongeza "kwa sababu." Njia hiyo si yangu. Mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake waliijaribu katika utafiti wa mwaka 2005: kila usiku kwa juma moja, watu waliandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku ile, na sababu ya kila moja kutokea. Miezi sita baadaye bado walikuwa na furaha zaidi na dalili chache za huzuni, na walionufaika zaidi ni wale walioendelea wenyewe baada ya juma kwisha.

Nakumbuka mstari wangu wa kwanza wa namna hiyo. Nilikuwa naingia ndani na mizigo mikononi, na jirani tusiyezoeana alikuwa ameshapita mlangoni mbele yangu. Akageuka, akarudi hatua mbili, akaushikilia mlango kwa bega hadi nikapita. Hatukusema kitu zaidi ya asante na karibu. Usiku nikaandika: "Jirani alinishikia mlango." Nikaongeza: "Kwa sababu aligeuka nyuma akaniona." Kalamu ikasimama hapo. Akaniona. Wiki ngapi nilikuwa najiambia kwamba napita katikati ya watu kama kivuli, na kumbe mtu mwenye haraka zake alisikia hatua zangu nyuma yake akageuka. Nililia usiku ule, kilio chepesi, cha mtu aliyewekewa mkono begani.

Tangu hapo nikawa naandika vitu vya kushikika. Mtoto aliyenipungia mkono kutoka dirishani bila kunijua. Mwenzangu wa kazini aliyemaliza sehemu yangu bila kunisimanga, kwa sababu aliona macho yangu. Mvua iliyosubiri nikafika ndani. Yako majuma nilipopata mawili tu, na nafasi ya tatu nikaiacha wazi. Sikutaka kudanganya daftari. Nilishadanganya vya kutosha kwa lile "nashukuru" la mdomoni.

Huzuni haikuondoka kwa sababu niliandika. Kilichobadilika ni namna macho yangu yalivyotembea mchana. Ukijua usiku utaulizwa umeona nini, unaanza kuona. Akili zetu zimezoea kushika baya kwanza na kulishikilia, kwa kuwa hatari isiyoonwa humdhuru mtu kuliko wema usioonwa. Siilaumu akili yangu kwa hilo, inanilinda. Nilikuwa naisaidia tu kubeba na yale mengine.

Baada ya muda mistari ikaanza kufanana, nikajikuta nanakili ya jana. Nikapunguza, sasa naandika Jumapili peke yake. Nilifarijika kugundua kwamba mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona jambo la namna hiyohiyo: waliohesabu baraka zao mara moja kwa wiki walipata nafuu, ila waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakuipata. Hata shukrani ukiilazimisha kila saa inachoka.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliacha nje. Dada hakuishia kwenye pazia. Baada ya wiki mbili aliniambia: "Sasa twende ukaonwe na mtu anayejua." Nilipinga, kisha nikaenda. Mhudumu wa afya aliniuliza maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, raha niliyoipoteza. La tisa lilikuwa kama nimewahi kuwaza kwamba afadhali nife au nijidhuru. Aliniuliza kwa sauti ileile aliyoniulizia habari za usingizi, akanitazama, akangoja. Jibu langu lilikuwa hapana, ila ule utulivu wake ulinionyesha kwamba hata ndiyo ingepata mahali pa kuwekwa. Aliniambia hali yangu ni ya kiwango kidogo, niendelee na ninayofanya, nirudi baada ya mwezi mmoja. Nilirudi.

Nasema haya kwa sababu daftari lina mpaka wake. Kama moyo umekuwa mzito karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kama umeacha kula au kulala, nenda ukaonwe. Na kama swali lile la tisa jibu lako ni ndiyo, usisubiri kesho. Mwambie mtu leo, hata kwa sentensi mbovu.

Nilipofika hapa niliweka kalamu nikampigia dada. Nikamsomea ukurasa wa kwanza.

"Maji gani?" akauliza. Hakumbuki.

Nikamkumbusha. Jumamosi, pazia, "sikati simu, nakusubiri." Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Unajua," akasema, "siku ile na mimi nilikuwa bado kitandani. Mambo yangu yalikuwa yamenizidi, sikukwambia. Ulipokwenda kufungua la kwako, niliinuka nikafungua la kwangu."

Sikujua la kusema. Nikamwuliza kama amekunywa maji leo, akacheka, akasema anakwenda kunywa, nisikate simu. Nikasubiri. Nilimsikia akitembea, bomba likifunguliwa, glasi ikiwekwa mezani.

Mstari wa tatu nimeuandika. Nafasi ya "kwa sababu" haikutosha ukurasani, nikageuza daftari nikamalizia ndani ya jalada.