Dhahabu ya maganda ya vitunguu

Wauza vitunguu wa soko la Kongowea, Mombasa, hutupa maganda makavu kila siku. Omba mfuko mmoja, kwani humo mna rangi ya kutia kitambaa, ya dhahabu iliyokolea, tena inayodumu kuliko ya manjano ya jikoni. (Manjano hupendeza siku ya kwanza, kisha jua huila, na sabuni kali huigeuza nyekundu.)

Kitambaa kiwe pamba tupu, marikani kwa mfano, poliesta haishiki. Kwa gramu 200 za kitambaa, tafuta gramu 100 za maganda na gramu 30 za shabu (alum), inayoshikisha rangi. Kifue kwanza kwa maji moto na sabuni, kisuuze, kikauke, halafu kidondoshee tone la maji. Likinywewa papo hapo, endelea. Likikaa juu kama ushanga, wanga wa kiwandani bado umo na rangi itatoka madoadoa. Fua tena.

Kiloweke usiku kucha katika chai ya rangi nzito, maana shabu peke yake haiing'ang'anii pamba vizuri. Kikamue, kisha kiloweke saa kadhaa katika shabu iliyoyeyushwa kwa maji moto.

Chemsha maganda saa moja, chuja, tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa. Moto mdogo, dakika 45, ukigeuzageuza. Sufuria iwe ya stili na isirudi kupikia chakula. Ya chuma huifubaza dhahabu ikawa rangi ya matope. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa nayo huharibu, kwa hiyo kinga maji ya mvua. Kipoe humo humo, suuza, anika kivulini.