Spika Juu ya Kamusi

Jana mwanangu kaingia chumbani, kaangalia meza, kauliza: "Baba, kamusi zote umezilaza chini ya spika. Ukitaka neno je?" Nikamwambia natafuta kwenye simu. Hakuridhika, na kwa kweli ana haki.

Chumba hicho ndicho ofisi yangu. Nilipohamishia kazi nyumbani nilikuwa nikisikiliza spika za laptopu, ambazo huugeuza muziki wote nyuki waliofungiwa koponi. Hedifoni zilinichemsha masikio, tena nikiitwa sisikii, na mama watoto akaona nafanya makusudi. Basi nikanunua spika ndogo za inchi 4, zenye amplifaya humo humo ndani. Sabuufa, ile spika ya besi, yaani sauti nzito, niliikataa kabisa: chumba chenyewe kidogo, ukuta ni mmoja na jirani.

Usiku wa kuzifunga, meza ilikuwa nyembamba, zikaegemea ukuta. Nikaweka rekodi ya zamani ya dansi ninayoijua nje ndani. Besi ikavimba, mwimbaji akamezwa. Spika hizi zina tundu mgongoni, na besi hata bila tundu husambaa pande zote, ikigonga ukuta inarudi na kujiongeza. Nikavuta meza kutoka ukutani. Kile kispika cha juu, chenye sauti nyembamba, kilikuwa kinaniimbia kifuani. Ndipo kamusi zikapata kazi, kikapanda hadi usawa wa masikio. Nikazigeuza spika zinitazame, umbali kati yake ukilingana na umbali wa kila moja hadi nilipokaa.

Nikabonyeza tena. Sauti ya mwimbaji ikatokea katikati, juu kidogo ya kioo cha laptopu, mahali pasipo na spika yoyote. Nilinyoosha mkono, eti niiguse. Nikamsikia akivuta pumzi kabla ya beti. Upande wa kushoto kulikuwa na gitaa la pili, linajibu lile la kwanza kwa upole, na vidole vikikwaruza nyuzi vikihama. Miaka yote hiyo nilidhani gitaa ni moja. Nikairudisha, nikafumba macho.

"Ndiyo kazi hiyo?" Mama watoto, mlangoni.

Yaliyofuata ni madogo. Kulikuwa na mvumo kila nikichomeka chaja. Nikahamishia vyote, chaja na spika, kwenye ekstensheni moja, ukapungua. Watu wakaniambia MP3, zile faili za muziki uliobanwa, hazifai, nitafute ubora wa CD. Nikalinganisha na MP3 ya ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, sikuona tofauti. Tofauti ya ukuta niliisikia bila kuambiwa na mtu.

Tatizo ni kwamba sasa zinasikika vizuri mno. Wimbo wenye maneno ukianza, sentensi yangu inasimama njiani. Labda ofisi ilitaka sauti mbovu, sijui, kuziuza sitaziuza. Wiki iliyopita nilikuwa na ripoti ya haraka. Nikachomoa waya, nikarudi kwa nyuki wangu, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshaituma.