Chandarua cha Tunu

Nilipoajiriwa usaisi, yaani kutunza farasi, kule ufukweni, kaskazini ya Unguja, nilikabidhiwa farasi wawili, Tunu na Radi, na mablanketi saba. Saba! Kwetu Mkokotoni tulilala ndugu wanne na blanketi moja, nalo hutolewa kabatini kipupwe tu, halafu wanyama wawili wana saba. Lilikuwepo zito, la kati, jembamba, la mvua, la kukaushia jasho, na mawili mengine ambayo aliyenikabidhi aliyageuzageuza, akayakunja, akayarudisha sandukuni bila ya kusema kitu.

Mwenye farasi ni mama mtu mzima kutoka Uingereza, mwema kupita kiasi, na mshahara hacheleweshi. Ila kwao ni kwao. Huko farasi aliyelala nje mwezi wa Januari anaweza kuamka na theluji mgongoni, kwa hiyo kila akiona wingu anawaza blanketi. Hapa hukaa miezi michache kwa mwaka, iliyobaki ananiandikia kwa simu. Julai ikiingia na kusi ikaanza kuvuma, basi kila magharibi simu inalia: Tunu umeshamvalisha? Radi hakuulizwa sana, yule kijana. Tunu ndiye bibi, ana miaka ishirini na kitu.

Mie nimekulia na punda. Mzee wangu alikuwa na gari la punda, akibeba mawe na mchanga wa kujengea. Nilipomwambia kwamba kazi yangu mojawapo ni kumvisha farasi usiku, alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwani anaumwa?"

"Haumwi, baba."

"Basi hilo bushuti mpelekee mama yako."

Sikumsikiliza. Mtu umepata kazi mpya yenye mshahara, utamsikiliza mzee wa punda?

Nikachukua lile la kati. Kulifunga kwenyewe shughuli: mikanda miwili kifuani, miwili inapita chini ya tumbo, na vikamba viwili vinazunguka mapaja ya nyuma. Vile vya nyuma nilivilegeza, nikiona huruma visimbane. Nikampiga Tunu picha, nikaituma, nikajibiwa kwa mioyo mitatu. Nikaenda kulala nimejiona saisi kweli.

Usiku ule mvua ya rasharasha ikakatika na upepo ukatulia. Mnaojua pwani yetu mnajua hali ile: hewa imesimama, fulana imekuganda mgongoni. Sasa mfikirie aliyefungwa gunia la pamba. Inaelekea aliwashwa akalala chini kujigaragaza, mguu ukaingia kwenye kile kikamba nilichokilegeza kwa huruma. Nilichosikia mimi ni mlango wa banda, paaa! na kwato zinakata.

Ilikuwa watu wanatoka msikitini, swala ya alfajiri. Kiza hakijaondoka vizuri. Mara kitu kikubwa kinakuja mbio njia ya katikati ya mji, kinatoa moshi (ule ni mvuke wa jasho, lakini nani ana nafasi ya kupambanua), na ubavuni kinapepea bawa moja jeusi linalopiga ardhi. Wazee walirudi msikitini bila ya kuvua viatu. Mtoto mmoja alipiga ukelele, "Popobawaaa!" na madirisha yote yakafungwa. Nyuma yake natokea mimi, shati sina, msuli naushikilia kwa mkono mmoja, nasema "Samahani, samahani, ni farasi tu." Mpaka leo wapo wanaoniita Farasi Tu.

Unajua alisimama wapi? Hakusimama kwangu. Alikwenda hadi kwa punda wa muuza chokaa, aliyefungwa chini ya mti wa mkungu, akasimama ubavuni mwake, kichwa chini, anatetemeka. Punda akamnusa, akaendelea kutafuna. Nilipolivua blanketi lilikuwa zito kama limetolewa baharini, na baina ya mapaja povu jeupe, maana farasi hutoka jasho mwili mzima kama sisi, na likisuguliwa linafanya povu la sabuni. Nilihesabu pumzi zake zikanishinda. Farasi aliyetulia huvuta pumzi nane mpaka kumi na sita kwa dakika. Za Tunu zilikuwa hazina hesabu.

Nililipa mlango, na matenga mawili ya nyanya yaliyokanyagwa. Elfu thelathini, au arubaini, tusilifukue.

Ungedhani nilikoma. Sikukoma. Nilipotoa habari (nusu ya habari, sikutaja msikiti) jibu lilikuja kuwa kosa ni kufunga vibaya, na kwamba nizibe pia upande wa kusini wa banda kwa makuti, upepo usimpige. Nikaziba. Nikabadilisha nikamvisha lile jembamba, nikafunga barabara. Wiki tatu.

Wiki ya tatu nampiga brashi mgongoni, nywele zinatoka mafungumafungu, na kila fungu lina gamba chini kama gundi iliyokauka. Hapo niliogopa. Nikamwita daktari wa mifugo, dada mmoja kijana, alikuja na pikipiki. Alitazama mgongo, akatazama blanketi, akatazama makuti, akaniuliza, "Kaka, usiku wa baridi kupita zote hapa kwenu unafika nyuzi ngapi?"

Nikasema ishirini na moja, ishirini na mbili.

Alicheka mpaka akavua kofia ya pikipiki aliyokuwa bado ameivaa. Akanambia farasi mzima mwenye afya hana haja ya kuhangaikia baridi wala joto baina ya nyuzi kama 5 na 25. Yaani usiku wetu ambao sisi tunatafuta sweta, yeye ndio anaona raha. Akisikia kibaridi nywele zinasimama, baina yake kunakaa hewa, hiyo ndiyo blanketi yake, na wewe ukimtwika jingine juu unazilaza. Na jiko lake liko tumboni: majani makavu yakichachuka kwenye utumbo mpana yanatoa joto usiku kucha. Ukimwonea huruma muongezee majani. Yale magamba, akasema, ni ya bakteria wanaopenda ngozi iliyorowa, na mimi nimewajengea hoteli ya nyota tano. Dawa: vua, osha kwa sabuni aliyoniachia, kausha, brashi yake asitumiliwe Radi.

Na mkono, akanifundisha. Usimshike masikio ukasema ana baridi, masikio ya farasi yanapoa hata akiwa mzima wa afya. Ingiza kiganja kifuani na nyuma ya kiwiko. Nilikuwa napima masikio siku zote, kama mjinga.

Akanipa na kisa cha Norway ambacho nimekisimulia kila baraza ninayokaa. Watafiti huko walifundisha farasi 23 kuomba wenyewe, wakautoa utafiti wao 2016. Vibao vitatu: chenye mstari wa kulala ni nivisheni, chenye mstari wa kusimama ni nivueni, kitupu ni niacheni nilivyo. Farasi anakwenda kukigusa kwa pua. Siku za jua waliomba kuvuliwa, siku za mvua, upepo na baridi wakaomba kuvishwa. Tena Norway! Nikamwambia, daktari, Tunu hakuhitaji kibao, alikwenda kulalamika kwa punda.

Basi nikavua vyote, nikabomoa makuti. Na hapo ndipo nilipogundua kosa langu kubwa zaidi, ambalo hakuna aliyeniambia. Tunu alikuwa anajisugua singa za shingoni mpaka panatoka damu, na kitako cha mkia kimebaki upara. Nilidhani ni yale magamba. Kumbe usubi. Vile vidudu vidogo vya magharibi na alfajiri ambavyo huvioni, unajikuta unajikuna tu. Wapo farasi ambao ngozi yao haivumilii kabisa kung'atwa navyo, na Tunu ni mmoja wao. Usubi hauna nguvu ya kuruka, upepo kidogo unaupeperusha. Na mimi nilikuwa nimeuzibia upepo. Nilimfungia usubi ndani pamoja na mlo wake.

Yapo mavazi ya wavu ya farasi yanayouzwa huko ng'ambo. Niliuliza bei, pamoja na kuletwa ni laki kadhaa, tena kwa kimoja. Nikakaa chini nikafikiri. Hoteli ya jirani kila msimu inatupa vyandarua vilivyochanika, vyeupe, laini, vya vitanda vya wageni. Nikaomba, nikapewa sita.

Vipimo nilichukua kwa kamba ya nanasi: katikati ya kifua, ukipita ubavuni, mpaka mwisho wa paja. Nikaweka mafundo, nikapanda daladala hadi mjini kwa fundi ninayemjua uchochoroni Darajani. Mzee yule alitandaza kamba akaitazama.

"Mwanangu, kanzu ya nani hii?"

"Ya bibi mmoja, ami."

"Huyu bibi kifua chake kiko wapi na miguu yake iko wapi?"

Nikamwambia kweli. Akavua miwani, akaita fundi wa mlango wa pili, aje asikie. Wakaniuliza kama mbung'o wamerudi. Hata, nikasema, mbung'o walikwishaondoshwa kwa kuachiwa madume tasa, Unguja ikatangazwa haina tena 1997, huu ni usubi. Akashona huku anacheka. Cha kwanza kilikuwa balaa, kimembana mabegani kama bwana harusi aliyeazima kanzu, hatua ya pili tu kikachanika kwapani. Nikarudi. Tukakitia marinda mawili mabegani, na nguo nikaiweka mara mbili, tundu la huku lisikabiliane na tundu la kule, kwa sababu usubi ni mdogo kuliko mbu na tundu moja la chandarua unapita. Shingoni mpira wa suruali. Na sehemu za miguu nilimwambia atie uzi dhaifu kusudi, mguu ukinasa likatike lenyewe. Hilo la uzi ni langu, sikufundishwa na mtu, na najisifu.

Pa kifuani palihitaji kitambaa laini pasisugue. Nikachukua kanga kuukuu kwenye kapu la mke wangu, fundi akaikata akashona. Sikutazama jina la kanga. Kesho yake nampitisha Tunu mbele za watu, mweupe kama bibi harusi, na kifuani kwa herufi nyeusi: MTAONA DONGE. Jirani yetu mmoja, ambaye yeye na mke wangu walikuwa hawaamkiani tangu Idi, akaona amefumbwa. Kwamba sasa anatukanwa kwa farasi! Kesi ile iliamuliwa na wazee, ikanigharimu doti nzima mpya kwa mke wangu na nyingine kwa jirani. Kuliko fundi, kuliko sabuni ya daktari. Tazameni jina kwanza.

Lakini singa zimeota. Miezi miwili, mitatu hivi. Sasa utaratibu wangu ni huu: mchana wa kaskazi hakuna nguo yoyote, kivuli na maji tu. Magharibi chandarua, asubuhi jua likipanda navua, nakikung'uta. Kila siku nakivua, sikiachi wiki nzima, maana chini yake kunaweza kuwa na kidonda hukioni.

Tena nisije nikaonekana namdharau mama. Masika moja, Aprili, Tunu alikuwa ametoka kwenye maradhi ya meno, amekonda mbavu zinahesabika. Mvua ya siku tatu, paa linavuja upande wake, upepo unaingia. Usiku nikamkuta mgongo ameukunja, mkia ameubana, anatetemeka. Kifuani, pale nilipofundishwa, kiganja kilikutana na ubaridi. Nilimsugua kwa magunia makavu mpaka mikono ikauma, nikamuhamishia kwa Radi, nikamuwekea majani makavu tele, kisha, nikitazama nyuma kama mwizi, nikafungua sanduku nikatoa lile la mvua, jepesi. Katika muda wa saa moja hivi kutetemeka kukaisha. Asubuhi nikamvua. Nikatuma picha kwa mama, bila ya maneno. Akajibu mioyo mitatu.

Mzee wangu nilipomhadithia, hakuniuliza habari za farasi. Aliuliza yule punda wa muuza chokaa mvua ile alikuwa wapi. Chini ya mkungu, nikasema. Akanivaa: manyoya ya punda hayahimili mvua kama ya farasi, asili yao ni nchi kavu, maji yanamwingia mpaka kwenye ngozi, na nyinyi mnamvisha mwenye paa. Jumapili ile nilikwenda na makuti niliyobomoa bandani, tukamfanyia punda kibanda, mimi na muuza chokaa. Bure, isipokuwa misumari.

Mama aliporudi alihesabu sanduku lake. La mvua lipo, la kukaushia jasho lipo, natumia wakitoka baharini jioni ya upepo. La kati aliniruhusu, tumelikata likawa mto wa mgongoni kwa punda, pale gari linapochubua. Zito analalia mlinzi, jembamba anajifunika. Moja katika yale mawili ya sandukuni alinionyesha mwenyewe, kumbe ni la shingo. Lile jingine aliligeuzageuza, akalikunja, akalirudisha.