Siku moja na wanafunzi wangu wa tibakazi, Kisumu

Saa moja asubuhi. Nashuka matatu Kondele na kuelekea hospitali ambako wanafunzi wa idara yetu wako kwenye mazoezi. Tibakazi ni tiba inayomsaidia mtu kufanya tena shughuli zake za kila siku. Shirikisho la dunia la tibakazi linataka kila mmoja afikishe angalau saa 1,000 za mazoezi ya vitendo kabla ya kuhitimu, na mimi ndiye hutia sahihi.

Saa mbili na nusu. Wodini, mzee aliyepooza upande mmoja anavaa shati. Mkono dhaifu huingia kwanza. Wakati wa kuvua hutoka mwisho. Mwanafunzi ananyoosha mkono amfungie kifungo, namzuia kwa macho. Mzee anakifunga mwenyewe.

Saa nne. "Oyawore, daktari!" Ananiamkia kwa Kijaluo mama muuza samaki, aliyepatwa na kiharusi. Mpira wa kufinya haumhusu. Anataka karai lake, na ana haki. Basi tiba yake iko jikoni. Wanafunzi wameviringisha tyubu ya baiskeli kwenye mpini wa mwiko ili vidole vipate pa kushika, na kutandika kitambaa kibichi chini ya karai lisiteleze. Tunatumia maji baridi kwanza. Mkono wake haujaanza kuhisi joto sawasawa, na mafuta yanaweza kumchoma asijue. Anageuza vipande vya viazi polepole, hadi cha mwisho. "Siku nyingine mniletee ngege," anasema, yaani samaki wake.

Saa saba. Chai na chapati, mbio mbio.

Saa nane. Karakana. Tunatengeneza kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa katoni na magazeti yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa uji wa unga wa ngano. Tunampima mtoto kutoka Nyalenda: nyonga, magoti na vifundo vikunjike digrii 90, nyayo zikanyage. Akikaa hivyo kichwa hutulia, na kumeza ni salama kuliko kulishwa amelala. Viti hivi najivunia kuliko cheti chochote ukutani kwetu.

Saa kumi. Napitia mipango ya wanafunzi. Mmoja ameandika "kuongeza nguvu ya bega". Namrudishia: bega la kufanyia nini?

Saa kumi na moja. Nampigia simu binti wa yule mama. Akija tena alete karai la nyumbani, lile lile analolitumia.