Umlete Akiwa Hai

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu wiki hii liko katika Hesabu 35, sura ya miji ya makimbilio, ambayo wengi huipita haraka kwa sababu imejaa mipaka na dhiraa. Nimeirudia kwa sababu ya filamu ya zamani ya Marekani, On Dangerous Ground, ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Nicholas Ray. Ni habari ya askari anayemsaka mwuaji.

Askari huyo ni Jim Wilson, mpelelezi wa mjini, aliyeigizwa na Robert Ryan. Miaka ya kushinda na wahalifu imemkausha. Nyumbani anakula peke yake huku akipitia picha za watu wanaotafutwa. Sura hizo ndizo wenzake wa mezani. Akitaka maelezo ya mtu, anampiga. Kuna mahali amemwegemea mtuhumiwa, ngumi tayari, anamwuliza kwa nini anamlazimisha afanye hivi. Anayepiga ndiye anayelalamika! Moyo ukifika hapo umekwenda mbali sana, na tukumbuke kwamba Wilson yuko upande wa sheria, na watu anaowafukuza ni waovu kweli. Kuwa upande wa haki hakukumlinda.

Mkubwa wake anamwondoa mjini na kumtuma mbali, kwenye milima na theluji, akasaidie kumtafuta aliyemwua binti wa watu. Huko anakutana na Brent, baba wa marehemu, mwenye bunduki mkononi, asiyetaka habari ya kesi wala mahakama. Msako unawafikisha wote wawili kwenye nyumba ya Mary Malden, mwanamke kipofu aliyeigizwa na Ida Lupino. Anayetafutwa ni mdogo wake, Danny, kijana mgonjwa wa akili.

Mary hatetei kosa. Anachoomba ni kwamba Wilson amfikie Danny kabla ya Brent, na amkamate bila kumdhuru. Wilson amekwisha kumwambia kwamba kazi yake imemfundisha kutomwamini mtu yeyote. Mary anamjibu kwamba yeye hana uchaguzi huo. Asiyeona analazimika kumwamini kila mtu. Basi anamkabidhi ndugu yake kwa mtu ambaye hajawahi kuuona uso wake, naye anatoa ahadi. Asubuhi Wilson anamkuta Danny kibandani, kisu mkononi, na mikono ile iliyozoea kupiga inatulia. Anaongea naye taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyeamka kwa ndoto mbaya.

Sasa tusome Hesabu. Bwana aliagiza miji sita, mitatu upande huu wa Yordani na mitatu upande ule. Hebroni na Shekemu ilikuwa miongoni mwake. Aliyemwaga damu alikimbilia huko, na Yoshua 20 inaongeza kwamba alisimama langoni na kuwaeleza wazee shauri lake, nao wakampokea. Hakupaswa kuuawa kabla ya kusimama mbele ya mkutano. Aliyeua kwa kukusudia hakuachwa. Hukumu ilimfika, na Torati haikukubali fedha za kumkomboa. Lakini hata huyo hakuweza kuuawa kwa ushahidi wa mtu mmoja tu. Ndugu zangu, Mungu yule yule aliyesema damu inaitia nchi unajisi ndiye aliyemwekea mtu mwenye damu mikononi njia ya kufika akiwa hai mbele ya waamuzi. Mimi siioni hiyo kuwa huruma iliyolegea. Ni amri.

Brent aliingia kibandani kwa nguvu. Katika purukushani Danny akakimbia, akapanda miamba, akateleza, akaanguka, akafa. Na yule baba aliyekesha akimsaka alipoutazama uso wa maiti, aliona mtoto. Ndiye aliyeubeba mwili ule. Simlaumu Brent. Alikuwa amempoteza binti yake, na sehemu hiyo huwa naiona nzito kuliko zote, kwa sababu alichokuwa akikitafuta kilipatikana na binti hakurudi.

Ezekieli 33:11 inasema Bwana hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Tunaiimba rehema hiyo kanisani, kisha mtaani kelele za mwizi zikipigwa tunatoka na mawe kama wengine, au tunafunga mlango na kusema amejitakia. Nawasihi, wiki hii kila mmoja aamue mapema, kabla kelele hazijapigwa, atasimama wapi: kupiga simu polisi, kuita mjumbe, kusimama kati pamoja na wengine wawili watatu. Moto ukishawashwa hakuna nafasi ya kufikiri.

Tuombe. Bwana, wakumbuke askari walio zamu usiku huu. Usiruhusu mioyo yao ikauke. Wafariji wazazi waliozika watoto kwa mkono wa mtu mwingine, na utupe ujasiri wa kwenda kukaa nao. Waangalie walio mahabusu wakingoja kusikilizwa, wenye hatia na wasio nayo. Na yule anayekimbia sasa hivi, afikishwe akiwa hai. Kwa jina la Yesu, Amina.