Jiwe la babu yake Bibi

Katika ukoo wetu ilijulikana kwamba babu yake Bibi, mzaa baba yake, alikufa wakati wa vita vya Abushiri. Niliambiwa hivyo utotoni, na nilipoanza kukusanya habari za ukoo nikaandika hivyo hivyo. Vita vile, vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, vilianza 1888, na Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Basi nikaweka 1889 mbele ya jina la mzee wetu, nikafungua ukurasa mwingine. Kosa hilo lilikaa daftarini miaka mitatu.

Aliyenizindua ni Bibi mwenyewe, bila kukusudia. Nilikuwa nimemuuliza habari za shamba, akapita kwenye msiba: "Alikufa watu wamefunga. Manowari ziko baharini, na watu wamefunga." Nikarudi chumbani nikapiga hesabu. Wajerumani waliuteka mji wa Pangani Julai 1889, lakini Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa Mei. Kutekwa kwa mji na mfungo havikukutana. Ama Bibi amechanganya, ama vita vyenyewe si vile. Jibu lilikuwa ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa Bweni, kwenye makaburi ya ukoo.

Nilivuka kwa pantoni asubuhi pamoja na binamu yangu. Tulianza kwa imamu, tukamweleza tunatafuta nini na picha zitakwenda wapi. Akaturuhusu, akatupa na mzee mmoja wa kutuongoza. Tukawatolea salamu waliolala pale, tukafuata nyayo za mzee ili tusikanyage kaburi la mtu.

Makaburi mengi pale hayana maandishi. Yana mashahidi tu, yaani alama za kichwani na miguuni, mengine ya mbao, mengine vipande vya matumbawe. Kwetu pwani kibla kiko kaskazini, kwa hiyo kaburi hulala mashariki na magharibi, na maiti akilazwa ubavu wa kulia kichwa huwa mashariki. Kulijua hilo kulinisaidia sana: hata shahidi moja likiwa limeanguka, niliweza kuandika kichwa kiko wapi. Kila kaburi nililipa namba, nikachora mahali lilipo kwa kuhesabu hatua kutoka mbuyu uliopo pembeni, nikapiga picha ya kaburi zima ndipo nikasogea karibu, na simu ikanipa vipimo vya ramani.

Jiwe la mzee wetu ndilo pekee lenye maandishi, limechorwa kwenye lipu ya chokaa. Lilikuwa na ukoga, na jua la saa sita mchana lilikuwa limelifanya jeupe tupu. Binamu yangu alitaka tulisugue kwa brashi ya waya na siki. Nilimkatalia, na namwomba kila asomaye hapa akatae vilevile. Siki ni asidi, inaila chokaa na inayala matumbawe. Brashi ya waya huondoa ukoga pamoja na herufi zenyewe. Tulitumia maji matupu na brashi laini ya rangi, kisha tukangoja jua lishuke.

Saa kumi na moja jioni binamu akashika kipande cha kioo, akauelekeza mwanga ulipige jiwe kwa ubavu. Herufi zikainuka. Kila mkato ukapata kivuli chake, na jiwe lililokuwa bubu mchana likaanza kusomeka. Nilipiga picha arobaini nikimwambia ausogeze mwanga kidogo kidogo.

Picha hizo nilimpelekea mwalimu wa madrasa anayesoma Kiarabu vizuri. Sikumwambia habari za vita wala mwaka ninaoutarajia, kwani mtu akitajiwa mwaka huuona hata usipokuwepo. Alisoma jina, akasoma "usiku wa Ijumaa", akasoma Ramadhani. Kwenye tarakimu akasita. Tatu ya Kiarabu huizidi mbili kwa jino moja tu, na jino hilo lilikuwa limeliwa: 1324 au 1334 ya Hijria? Sifuri nayo ni nukta tu, kwa hiyo hakuwa na hakika kama tarehe ni 2 au 20.

Siku ya wiki ndiyo iliyoamua. Tarehe 20 Ramadhani 1324 huangukia Jumatano, Novemba 1906. Tarehe 20 Ramadhani 1334 huangukia Ijumaa, 21 Julai 1916. Tarehe 2 ya Ramadhani hiyo ilikuwa Jumatatu, na tarehe 2 ya ile ya 1324 ilikuwa Jumamosi. Hesabu ya kalenda inaweza kupishana na mwandamo kwa siku moja, lakini haiwezi kuigeuza Jumatano wala Jumatatu kuwa Ijumaa; nayo Jumamosi ile ingekuwa Ijumaa tu kama mwezi ungeonekana siku moja kabla ya kuweza kuonekana. Na kwa kuwa siku yetu huanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa: mzee alifariki Alhamisi, 20 Julai 1916, baada ya jua kuzama.

Mwezi huohuo wa Julai 1916 Waingereza waliiteka Pangani kutoka kwa Wajerumani, nao walikuja na manowari. Bibi hakuchanganya neno hata moja. Sisi ndio tuliosikia "vita" tukavikimbilia vile vinavyojulikana zaidi.

Tangu hapo kila kaburi lina mistari miwili daftarini: jiwe linasema nini, na mtu anasema nini, pamoja na jina la msemaji na siku aliyosema. Kwa makaburi kumi na moja yasiyo na maandishi, mstari wa kwanza ni mtupu, na wa pili wote ni wa Bibi. Mashahidi ya mbao mawili yamekwisha kuliwa na mchwa, hayatafika masika mbili zijazo, kwa hiyo hayo nilianza nayo.

Nilipomaliza nilimsomea Bibi orodha yote, polepole, jina baada ya jina. Kwenye namba saba akaniinulia mkono. "Huyo hakuwa mke mdogo, mwanangu. Huyo ndiye mkubwa. Mdogo amelala upande wa mbuyu." Nikakata mstari mmoja juu ya nilichoandika, kisomeke bado, nikaandika chini yake alivyosema, na tarehe ya siku ile.